Hesabu Viti Kabla ya Kulipia Jina

Vipeperushi vya chapa za madarasa ya sanaa kwa watoto vinafanana dunia nzima: watoto watatu wenye aproni zilizopakwa rangi, mwalimu anayetabasamu, na pembeni, kwa herufi ndogo, ada ya kujiunga kwa dola. Mtu mwenye akiba yake, aliyechoka kuajiriwa na anayependa watoto, huitazama ile bei, akaizidisha kwa kiwango cha benki cha siku hiyo, kisha akajiuliza kama anaweza kuipata. Hilo ndilo swali jepesi. Lililo gumu halimo kwenye kipeperushi: chumba chako kitakuwa na viti vingapi, na kwa wiki nzima vitakaliwa saa ngapi?

Kwa ambaye utaratibu huu ni mgeni kwake, franchaizi ni kufungua biashara kwa fedha zako mwenyewe, lakini kwa jina, mtaala na taratibu za kampuni nyingine. Unailipa ada ya kujiunga mwanzoni, halafu mrabaha kila mwezi kwa muda wote wa mkataba, na mara nyingi mchango wa matangazo juu yake. Hasara ni yako peke yako. Jina si lako, na siku mkataba ukiisha unalirudisha pamoja na bango.

Turudi kwenye viti. Tuchukue fremu ya kawaida jijini Dar es Salaam, chumba cha viti 12. Kuzidisha hapo kwa mwalimu mmoja na msaidizi ni kujitafutia vurugu, kwani mtoto wa miaka sita mwenye brashi iliyolowa anahitaji mtu mzima karibu yake. Jumatatu hadi Ijumaa mtoto anatoka shule saa tisa alasiri, basi la shule linamzungusha, na akifika nyumbani kuna kazi za darasani na madrasa. Kwa siku ya shule utapata kipindi kimoja, tena kwa wanaoishi jirani tu. Jumamosi ndiyo siku yako: vipindi vinne ukijikaza. Jumapili, baada ya ibada na chakula, viwili. Jumla ni vipindi 11 kwa wiki, yaani nafasi 132. Karatasi ya mwenye chapa itazijaza zote. Wewe usizijaze.

Makadirio ya mtu mzima ni kama haya: Jumamosi watoto 40, Jumapili 12, siku nyingine zote pamoja 20. Hao ni 72, kila mmoja akija mara moja kwa wiki, na kuwafikisha hapo kunaweza kukuchukua mwaka mzima. Tuseme kila mmoja analipa shilingi 50,000 kwa mwezi. Mapato ni 3,600,000. Sasa toa. Pango 900,000. Walimu wawili wa mshahara wa 600,000 kila mmoja, pamoja na asilimia 10 ya mwajiri inayokwenda NSSF, 1,320,000. Msaidizi ambaye pia anafanya usafi, naye na NSSF yake, 330,000. Karatasi, rangi na gundi kwa shilingi 6,000 kwa mtoto, 432,000. Umeme, maji na intaneti 180,000. Usafiri na matangazo 150,000. Jumla ya matumizi ni 3,312,000, na mkononi zinabaki 288,000.

Halafu unakuja mrabaha. Tuseme mkataba unataka asilimia nane. Inakatwa kwenye mapato yote, si kwenye faida, na asilimia nane ya 3,600,000 ni 288,000. Hujajilipa mshahara, hujarudisha hata senti ya ada ya kujiunga, na kodi ya mapato hatujaigusa.

Bei hizo ni za mfano. Weka za mtaa wako, na huenda hesabu yako ikawa nzuri kuliko yangu. Ada ya Masaki si ada ya Tabata, na pango la Masaki si la Tabata pia. Ninachotaka ukione ni jinsi nafasi inavyobanwa na saa za watoto. Duka la nguo likifanya vibaya Jumanne linaweza kujifuta machozi Jumatano. Darasa la watoto lina Jumamosi moja tu kwa wiki, na pango linahesabiwa kwa siku zote saba. Ongeza likizo za Juni na Desemba, wazazi wanaposafirisha watoto kwenda kwa bibi na babu. Ongeza watoto wa darasa la nne na wa madarasa ya mtihani, ambao kuanzia Julai huondolewa kwenye kila kitu kisichoitwa tuisheni. Ukipanga bajeti yako kwa miezi 12 ya mapato, umejidanganya mapema. Panga kwa tisa na nusu.

Ndiyo maana napendekeza, kwa wengi watakaosoma hapa, waanze bila fremu. Si wazo langu. Young Rembrandts, chapa ya Kimarekani iliyoanzia Elgin, Illinois, mwaka 1988 na kuanza kuuza franchaizi mwaka 2001, imekua kwa njia hiyo: mwalimu na mkoba wake wa vifaa anaifuata shule, anafundisha baada ya masomo ndani ya darasa la watu wengine, kisha anaondoka. Mwendeshaji anaweza kuwa na ofisi nyumbani kwake. Hakuna pango la miezi sita mkononi mwa mwenye nyumba, na mzazi hahangaiki na foleni ya kumleta mtoto, maana mtoto tayari yupo.

Hesabu yake hapa kwetu ingekwenda hivi. Shule nne za binafsi, watoto 24 kila shule katika makundi mawili, ada 35,000 kwa mwezi. Mapato 3,360,000. Shule itataka chake. Tuseme asilimia 15, yaani 504,000. Walimu wawili na NSSF yao 1,320,000. Vifaa 576,000. Usafiri 300,000, maana utabeba maboksi kwa bajaji. Mengineyo 100,000. Unabaki na 560,000, na ukitoa mrabaha uleule wa asilimia nane, 268,800, zinakaa mkononi 291,200. Si utajiri. Lakini umelipa jina na bado umebakiwa na kitu, na mtaji uliouweka hatarini ni maboksi ya rangi, meza za kukunja na ada ya kujiunga. Ubaya wake ni kwamba mkuu wa shule akibadilika, robo ya biashara yako inaweza kuondoka kwa barua moja. Andikishana na shule kwa mwaka mzima wa masomo, si kwa muhula, na ada ikusanywe na wewe, si na mhasibu wa shule ambaye atakulipa akishamaliza kuwalipa wengine wote.

Swali la kumuuliza mwenye chapa linafuata hapohapo: mkataba wako unaniruhusu kufundisha shuleni, au unanilazimisha kuwa na studio yenye vipimo na rangi za ukuta ulizochagua wewe? Zipo chapa ambazo mapato yao yako kwenye kukuuzia samani na mapambo. Hizo zitasisitiza studio.

Sasa jina lenyewe. Katika nchi ilikozaliwa, chapa inaleta wateja kwa sababu mzazi aliisikia kwa shangazi yake. Ukiifungua Kinondoni au Mwanza, hakuna aliyewahi kuisikia, na kazi ya kuitangaza ni yako huku mrabaha ukiendelea kukatwa. Isipokuwa kama wateja wako ni familia za kigeni au zile zilizowahi kuishi nje, usilipe hata shilingi kwa ajili ya umaarufu. Unachoweza kununua kwa haki ni kitu kingine: mtaala uliopangwa somo kwa somo kwa miaka kadhaa, mafunzo ya walimu, na nidhamu ya uendeshaji ambayo mtu aliyeanza peke yake huchukua muda mrefu kuijenga. Kama wewe si mwalimu wala msanii, hivyo vina thamani ya kweli. Kama ni mwalimu wa sanaa mwenye masomo yako kwenye madaftari, jiulize kwa nini unataka kulipia kile ulichonacho.

Kujua thamani hiyo kabla ya kulipa kunahitaji karatasi. Marekani ina kanuni ya tume yake ya biashara, ya tangu mwaka 1979 na iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2007, inayomlazimisha mwenye chapa kumkabidhi mnunuzi waraka wa vipengele 23 angalau siku 14 kabla ya kusaini au kulipa chochote. Kipengele cha saba kinaorodhesha gharama zote za kuanzia, kuanzia samani hadi fedha za kujikimu miezi ya mwanzo. Cha ishirini kinaonyesha matawi yaliyofunguliwa na yaliyofungwa, pamoja na namna ya kuwapata waendeshaji waliotoka mwaka uliopita. Afrika Kusini, kwa Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2008, mnunuzi anaweza hata kuuvunja mkataba bila adhabu ndani ya siku 10 za kazi baada ya kusaini. China, tangu mwaka 2007, inamtaka anayeuza franchaizi awe na angalau matawi mawili anayoyaendesha mwenyewe kwa zaidi ya mwaka mmoja, ili mtu asiuze mfumo ambao hajaujaribu kwa fedha zake.

Tanzania haina sheria maalumu ya franchaizi. Ukisaini, umesaini, na Sheria ya Mikataba itakuchukulia kama mtu mzima aliyejua anachofanya. Kwa hiyo azima vipimo vya wenzetu. Chapa ikiwa ya Kimarekani, waraka wa vipengele 23 inao tayari, iombe. Ikitoka kwingine, uliza maswali yaleyale kwa maandishi na utake majibu kwa maandishi: una matawi mangapi yako mwenyewe, mangapi yamefungwa miaka mitatu iliyopita, nipe namba za watu watatu walioacha. Walioacha wana habari kuliko walio ndani. Aliye ndani anaweza kukusifia kwa sababu anataka kukuuzia tawi lake.

Kuna kundi moja la wauzaji ninalotaka ulichunguze kwa jicho kali: mtu wa hapa hapa anayesema amenunua haki za nchi nzima na sasa anagawa maeneo. Anaweza kuwa mkweli kabisa. Hata hivyo dai kuuona mkataba wake na kampuni mama, hasa tarehe ya kuisha na masharti anayotakiwa kutimiza. Akishindwa kufungua idadi ya matawi aliyoahidi, haki zake zinaweza kufutwa, na wewe uliyelipa kwake utabaki na risiti. Nenda pia BRELA ukaangalie kama alama ya biashara imesajiliwa, kwa jina la nani, na kwa huduma za elimu au kwa vifaa tu. Bara usajili wa mwanzo ni wa miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ukitaka kufungua Zanzibar, usajili wa BRELA haukufikishi huko. Wao wana ofisi yao, BPRA, na alama isiyosajiliwa pale inaweza kuwa na mwenyewe mwingine.

Dola nayo ina tabia zake. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300; katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Mtu aliyeahidi ada ya dola 10,000 kwa awamu aliona deni lake linaongezeka kwa zaidi ya milioni tatu bila kuongeza hata kiti kimoja. Wazazi wanalipa kwa shilingi. Pigania mrabaha uwe asilimia ya mapato ya shilingi, na kama kuna kiwango cha chini cha kila mwezi, kisiwe cha dola, na kisianze kabla ya mwezi wa saba.

Halafu kodi ya zuio. Ukimlipa mrabaha asiye mkaazi, TRA inakutaka uzuie asilimia 15 na kuiwasilisha. Mikataba mingi ya nje ina sentensi fupi, mara nyingi ukurasa wa nyuma, inayosema malipo yamfikie mwenye chapa yakiwa kamili bila makato ya kodi yoyote. Maana yake ni kwamba ile kodi inahamia kwako. Ili dola 10,000 zimfikie kamili, gharama yako inakuwa dola 11,765. Hapo wengi hugundua kwamba bei waliyoisoma kwenye kipeperushi haikuwa bei. Mambo ya pango yako vivyo hivyo: mpangaji anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, lakini wenye nyumba wengi hukwambia wazi kuwa wao wanataka yao kamili. Laki tisa yake kamili ni milioni moja kwako. Uliza kabla ya kumlipa dalali.

Leseni na usajili nitapita haraka, maana ofisi zenyewe zitakuelekeza. Jina la biashara au kampuni BRELA, namba ya mlipakodi na mashine ya risiti TRA, leseni ya biashara halmashauri, usajili wa sehemu ya kazi OSHA, ukaguzi wa zimamoto. Kwa kuwa unafanya shughuli za sanaa, pita BASATA, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Jambo moja tu linahitaji kusimama kidogo. Ukianza kupokea watoto wadogo ambao hawajaanza shule, wakaachwa kwako kutwa, unaweza kujikuta unaendesha kituo cha kulelea watoto mchana bila kujua, na hicho kina usajili wake chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla hujatangaza kipindi cha asubuhi kwa watoto wa miaka mitatu.

Kwa wasomaji wa Kenya hesabu inafanana, ofisi zinabadilika: kibali cha biashara ni cha kaunti, alama za biashara ziko KIPI, na zuio la mrabaha kwa asiye mkaazi ni asilimia 20, zito kuliko letu.

Chumba, kama umeamua lazima kiwepo, kiwe cha chini. Watoto, ngazi na maji ya rangi havipatani. Sinki ziwe mbili, moja ya kuoshea brashi na moja ya mikono, na chini yake pawepo chujio, la sivyo mwezi wa tatu utamuita fundi bomba na mwenye nyumba atakuja naye. Weka tangi la maji hata kama wenyeji wanakwambia maji hayakatiki. Sakafu iwe ya vigae, meza zifunikwe kwa plastiki, feni ziwe za dari ili zisipeperushe karatasi. Kama mkataba unadai samani za chapa kutoka nje, omba ruhusa ya kuzitengenezesha kwa seremala kwa michoro yao. Seremala wa Keko atakutengenezea meza ndogo imara, na ikivunjika utajua nyumba yake.

Vifaa ndipo mikataba inapoficha makali. Chapa nyingi hukutaka ununue kwao maboksi ya kila muhula. Boksi likifika bandarini linakutana na ushuru na VAT ya asilimia 18, na likichelewa, somo la wiki ya nne linakuja kabla ya karatasi zake. Dai orodha mbili: vitu ambavyo lazima vitoke kwao, na vitu unavyoweza kununua Kariakoo. Manila, gundi, penseli na krayoni hazina sababu ya kupanda meli. Upande wa rangi, hata hivyo, usiwe bahili. Tafuta pakiti zenye alama ya EN 71, kiwango cha Ulaya cha usalama wa vitu vya kuchezea, au alama ya AP ya Marekani inayoonyesha rangi imepimwa na haina sumu kwa mtumiaji. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia mbao laini za dari na rangi za kung'aa za baiskeli, na kwa vitu hivyo vya bei poa alianzisha mtindo unaojulikana duniani. Mtindo huo wafundishe watoto. Rangi zile usiwape, kwa kuwa rangi za mafuta za aina hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo kwa mtoto huharibu ubongo hata kwa kiasi kidogo.

Na hapo tumegusa mtaala. Fungua masomo ya muhula mmoja, usome yote. Utakuta mtu wa theluji Januari, majani mekundu yanayodondoka Oktoba, boga lenye macho. Mtoto wa Tanga anaweza kumchora mtu wa theluji na akafurahi, sina ugomvi naye. Lakini ukitaka shule zikupe nafasi, mkuu wa shule ataangalia kama kazi yako inasaidia somo la Sanaa na Michezo lililo kwenye mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024. Dai haki ya kubadilisha sehemu ya masomo, walau robo, uweke khanga na mpangilio wake wa pindo na mji, milango ya Zanzibar, vinyago vya Wamakonde, dagaa wakianikwa Mwaloni, Mwanza. Kisha soma kipengele cha umiliki. Mikataba mingi inasema somo lolote utakalolibuni wakati wa mkataba ni mali ya mwenye chapa. Utakuwa umemtengenezea somo la khanga, bure, na anaweza kuliuza kwa wengine.

Walimu ndio biashara yenyewe. Mzazi haji kwa sababu ya chapa iliyo mlangoni. Mwezi wa pili anarudi kwa sababu mtoto alimtaja mwalimu kwa jina wakati wa chakula cha jioni. Mchoraji hodari si lazima awe mwalimu hodari. Wapo wanaoshindwa kuvumilia kuona mtoto akipaka tembo kijani, wakamnyang'anya brashi warekebishe. Huyo mshukuru kwa muda wake na umtafute mwingine. Waliopita idara ya sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TaSUBa Bagamoyo, au wasanii wanaofanya kazi karibu na Nafasi Art Space Mikocheni ni pa kuanzia, lakini kipimo ni kumpa kundi la watoto wanane kwa saa moja ukiwa umekaa nyuma. Angalia anafanya nini mtoto mmoja anapomaliza dakika 20 kabla ya wenzake.

Mwenye chapa atakuambia mafunzo yamo ndani ya ada. Muulize ya nani. Kwa kawaida ni yako wewe na pengine mwalimu mmoja, mara moja, na nauli juu yako. Mwalimu huyo akiondoka mwezi wa nane, nani atamfundisha wa pili, kwa bei gani, na kwa lugha gani? Kama jibu ni video, uione hiyo video kwanza.

Usalama wa watoto usiuache kwa hisia. Kila mtu mzima anayeingia darasani, hata fundi umeme wa mara moja, asibaki peke yake na mtoto. Taka cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu kwa walimu wote, na usiogope kuonekana mkali. Weka daftari mlangoni la nani anamchukua mtoto. Dereva mpya akija bila taarifa ya mzazi, mtoto anabaki hadi simu ipigwe. Na picha: ukurasa wako wa mtandaoni utatamani nyuso za watoto wenye rangi puani. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na kuna tume ambayo wakusanyaji wa taarifa hujisajili kwake. Fomu ya kujiunga iwe na sehemu ya ridhaa ya picha ambayo mzazi anaweza kuikataa bila mtoto kukosa nafasi. Mkataba wa chapa unaokupa wajibu wa kutuma picha za watoto makao makuu kila mwezi unahitaji kujadiliwa upya.

Vipengele vitatu vya mwisho visome na wakili, tena wakili anayelipwa na wewe. Eneo: limeandikwa kwa mipaka ya wilaya au kwa maneno kama karibu na, na je, linazuia chapa yenyewe kuuza masomo ya mtandaoni kwa wateja wako? Mahali pa kesi: ugomvi wa shilingi milioni tano ukitakiwa kusuluhishwa Singapore, umeshindwa kabla hujapanda ndege. Na kifungo cha baada ya mkataba, ambacho hukuzuia kufundisha watoto sanaa kwa mwaka au miwili ndani ya mji uleule. Kwa mfanyabiashara ni usumbufu. Kwa mwalimu wa sanaa ni kunyang'anywa mkate. Kikatwe, au kipunguzwe kiwe kwa jina na mtaala wao tu.

Kabla ya hayo yote, fanya jaribio ambalo halihitaji ruhusa ya mtu wa nje. Tafuta shule moja au ukumbi wa kanisa, tangaza vipindi vya Jumamosi kwa muhula mmoja, kwa masomo yako mwenyewe na bila kugusa mtaala wa mtu. Toza ada ileile utakayotoza baadaye, usiwape ndugu na marafiki bure, maana mtoto wa bure hakwambii chochote kuhusu soko. Andika kila wiki nani alikuja, nani alilipa kwa wakati, nani alimleta jirani. Muhula ukiisha, subiri shule zifunguliwe tena, uhesabu waliorudi bila kupigiwa simu. Wakiwa zaidi ya nusu, una kitu cha kumpelekea mwenye chapa mezani, na pengine yeye ndiye atakayehitaji kukushawishi. Wakiwa chini ya hapo, ada ya kujiunga bado iko benki.